TRENI NA ISIMAME
Neno letu kuhusu Reli ya Uhuru na watu wa bondeni na wa nyanda za juu

Ndugu wapendwa wa Njombe, wa Makambako, na ninyi nyote mnaoishi kando ya reli hadi Mlimba na Ifakara,



Maji ya mto Ruhudji yanayoporomoka pale mjini Njombe hayakai Njombe. Yanateremka kutoka milimani, yanaingia katika bonde la Kilombero, yanakutana na maji ya Mnyera na Mpanga, na mwishowe yote yanakuwa mto Rufiji na kwenda baharini. Sisi wa juu na wenzetu wa chini tunakunywa maji mamoja. Na tangu mwaka 1975 tunaunganishwa na kitu kingine tena, nacho ni njia ya chuma ya TAZARA, ambayo toka Kidatu hadi Mlimba inafuata bonde la Kilombero, kisha inaupanda ukingo wa nyanda za juu, zaidi ya mita elfu moja, mpaka kufika Makambako.

Tunaandika kijitabu hiki kwa sababu reli hiyo inaanza maisha mapya. Mwezi Septemba mwaka 2024, mjini Beijing, viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya maelewano ya kuifufua. Mwezi Septemba mwaka 2025 mkataba wenyewe ulitiwa saini mjini Lusaka. Kwa mkataba huo kampuni ya ujenzi ya China, CCECC, itaikarabati na kuiendesha reli kwa muda wa miaka 30, kwa kitega uchumi kinachotajwa kuwa dola za Marekani bilioni 1.4. Mwezi Novemba mwaka huohuo kazi ilizinduliwa rasmi nchini Zambia.

Hatuandiki kuupinga ufufuo huo. Mtu aliyeshuhudia mataruma yakichakaa na vichwa vya treni vikilala karakanani hawezi kusema kwamba hali iliyokuwapo ilikuwa njema. Tunaandika kuuliza swali moja tu, ambalo katika hotuba nyingi halikupata nafasi: reli hii mpya itasimama wapi, na itasimama kwa ajili ya nani? Kwa maana tunahofu, na hofu yetu ina sababu, kwamba tutapewa reli nzuri, imara, yenye mwendo wa kasi, ambayo kazi yake yote ni kuteremsha shaba kutoka Zambia na Kongo hadi bandarini, na kupita katikati yetu kama upepo.

ILIJENGWA KWA NENO LA KUKATAA HESABU

Vijana wetu wengi hawaijui historia hii, kwa hiyo na tuikumbushe kwa kifupi.

Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa ubaguzi tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta imefungwa. Shaba yake ilikuwa ikipita kusini, katika nchi za wakoloni na makaburu. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitaka njia ya kwenda Dar es Salaam. Walipobisha hodi katika milango ya mataifa tajiri, walijibiwa kwamba reli hiyo haitalipa. Tayari mwaka 1964 Benki ya Dunia ilikwisha kutoa maoni kwamba mzigo hautatosha na kwamba barabara ingefaa zaidi. Kwa hesabu za vitabuni jibu lao huenda halikuwa la kijinga. Lakini hesabu hizo hazikuwa na safu ya kuandikia heshima ya mtu wala ukombozi wa bara.

Mkataba na China ulitiwa saini tarehe 5 Septemba 1967. Na tuutazame mwaka huo vizuri. Mwezi Februari lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwezi Machi Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu, akifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya watu wote, wala si ya fedha peke yake. Mwezi Septemba ikaja reli. Hatusemi kwamba matatu hayo yalipangwa pamoja. Tunasema kwamba yalizaliwa katika mwaka mmoja, na yalikuwa na wazo linalofanana: kwamba uchumi ni mtumishi wa watu.

China, nchi iliyokuwa bado maskini, ilitoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Ujenzi ulizinduliwa mwezi Oktoba 1970. Maelfu kwa maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi pamoja. Sehemu iliyowatesa kuliko zote ni hii yetu, kati ya Mlimba na Makambako, penye makorongo, udongo unaoteleza, madaraja marefu na mahandaki yaliyotobolewa katika miamba. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi ya reli hii, na wengine wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia nao walikufa. Mwezi Julai 1976 reli yote, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa wenyewe.

Basi mtu akija leo kutuambia kwamba kituo fulani kifungwe kwa kuwa hakilipi, tumwambie kwa upole kwamba kama neno hilo lingekuwa neno la mwisho, hata reli yenyewe isingekuwapo.

WALIOAMBIWA WASOGEE RELINI

Kuna deni jingine ambalo halimo katika vitabu vya mahesabu.

Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa bonde la Kilombero walihamishwa kutoka mashamba yao ya zamani na kupangwa katika vijiji karibu na reli. Waliambiwa kwamba hapo ndipo maendeleo yatakapopita: shule, zahanati, duka, soko. Pia waliambiwa wailinde reli, kwa kuwa wakati ule vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea na adui alikuwa na sababu ya kuihujumu. Wengine walihama kwa hiari, wengine hawakuulizwa. Waliacha makaburi ya wazee wao na miembe yao, wakajenga upya kandokando ya tuta.

Kwa nini tunalitaja jambo la zamani kiasi hiki? Kwa sababu ahadi haichakai kama taruma. Serikali ikimwambia mwananchi aache alipokuwa akae kando ya reli kwa ajili ya taifa, imefunga naye agano. Yeye ametimiza upande wake: amehama, amelima, amelinda. Upande wa pili wa agano ni kwamba treni isimame.

Na kwa miaka mingi ilisimama. Watu walijifunza kuitumia kwa namna ambayo wahandisi hawakuitazamia. Mchele na ndizi za Mngeta, Chita na Mlimba vilipanda kuja Makambako. Viazi, maharage na mahindi ya nyanda za juu viliteremka bondeni. Hakuna aliyepanga biashara hii katika ofisi. Ilianzishwa na akina mama wenye gunia moja au mawili, na vijana wenye mtaji wa kuku watatu. Ile treni fupi ya wenyeji, ambayo watu waliipa jina la kipisi, ilikuwa kwao soko linalotembea. Katika sehemu kama Uchindile, ambako mvua ikinyesha njia nyingine ni matope, treni ilikuwa ndiyo barabara, ndiyo gari la wagonjwa, na ndiyo posta.

Makambako nayo, ambayo zamani ilikuwa mahali padogo, imekua kuwa mji kwa kuwa ni njia panda: hapa barabara kuu ya Zambia inakutana na barabara ya Njombe na Songea, na hapa reli inaibuka kutoka bondeni. Ukiiondoa reli katika hesabu hiyo, umekata mguu mmoja wa kigoda.

JINSI TRENI ILIVYOACHA KUSIMAMA

Reli ilijengwa iweze kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Haikufikia kiwango hicho hata mara moja. Katika miaka yake mizuri ilibeba zaidi ya tani milioni moja. Mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani zipatazo 88,000 tu. Mporomoko huu haukuletwa na mama mwenye gunia la mpunga. Ulitokana na mambo mengine, na ni haki tuyataje.

Kwanza, ubaguzi ulipoanguka Afrika Kusini, na uchaguzi wa watu wote ukafanyika mwaka 1994, njia za kusini zilifunguka tena kwa mizigo ya Zambia. Hilo lilikuwa jambo la furaha kwa Afrika, na reli yetu ilililipia gharama. Pili, katika miaka hiyohiyo ya soko huria malori yaliongezeka barabarani, na mashirika ya umma yaliambiwa yajitegemee bila mtaji wa kununua hata vipuri. Tatu, wenye mali, yaani serikali mbili, waliiacha reli muda mrefu bila fedha za kutosha. Nne, ulikuwapo pia uzembe na wizi, na hatutaufunika.

Ni nani aliyekatwa kwanza katika dhiki hiyo? Wafanyakazi walipunguzwa, na katika miaka ya karibuni zaidi waliobaki waligoma zaidi ya mara moja kwa kudai mishahara iliyocheleweshwa miezi mingi. Vituo vidogo vilipunguziwa huduma. Mwaka 2000 wananchi wa Mngeta walipeleka malalamiko yao kwa viongozi wakipinga jambo hilo. Hawakuwa wasomi wa uchumi. Walichosema ni kile tunachokisema leo: hii ni reli yetu, na mtu haondolewi katika mali yake kwa kupunguziwa siku za treni moja baada ya nyingine mpaka zimekwisha.

Na hapa juu, pigo hilo linaonekana katika gunia la viazi. Mkulima wa viazi mviringo wa Njombe akikosa njia yake mwenyewe ya kufikisha mazao sokoni, anamngoja mwenye lori. Anayemngoja mwenye lori hawezi kubishana naye juu ya kipimo. Ndiyo maana lumbesa, lile gunia linalofumwa kichwa juu ya kichwa mpaka linapita uzito unaoruhusiwa, halikomi ingawa limekatazwa na sheria na kupigwa vita na viongozi wa kila awamu. Lumbesa si tabia mbaya tu ya wachuuzi. Ni bei ya kukosa uchaguzi. Mwenye chombo cha usafiri ndiye mwenye mizani.

Mbolea nayo inakuja kutoka bandarini. Kila shilingi inayoongezeka katika uchukuzi wake inaishia begani mwa mwanamke anayelima ekari moja ya mahindi. Mikoa hii ya kusini ndiyo inayotegemewa kuilisha nchi, na maghala ya akiba ya chakula ya taifa yapo hapahapa Makambako. Ni ajabu gani kwamba chakula cha taifa na mbolea ya taifa viendelee kupishana katika malori yanayopanda milima ya Kitonga, huku njia ya chuma ikiwa imelala hatua chache kutoka ghalani?

«MZIGO MDOGO HAULIPI»

Tunajua jibu tutakalopewa, maana tumekwisha kulisikia. Tutaambiwa: kampuni inayowekeza dola bilioni haiwezi kusimamisha treni ndefu ya makontena kwa ajili ya magunia kumi ya ndizi. Kila treni inaposimama inapoteza muda na mafuta. Nchi nyingine zinashindana nasi. Upande wa Atlantiki reli ya Lobito nchini Angola imefufuliwa kwa msaada wa Marekani na Ulaya ili ichukue shaba hiyohiyo. Tukipoteza muda kwa mizigo midogo tutapoteza mzigo mkubwa, na hapo hakuna atakayefaidi.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kuidharau. Hatuombi treni ya shaba isimame katika kila kijiji. Reli ina njia za kupishania, ina vituo, ina ratiba. Treni ndefu inaweza kupita na treni fupi ikafuata. Tunachoomba ni kwamba treni fupi iwepo, na iwepo kwa mkataba, wala si kwa huruma ya meneja wa mwaka huo.

Lakini na tuwaulize watoa hoja maswali mawili.

La kwanza: mnahesabuje? Lori lenye mzigo mzito linapoichimba barabara kuu, anayelipa matengenezo ni mlipa kodi. Basi linapogongana na lori katika mteremko, wanaolipa ni wajane na yatima. Gharama hizo hazimo katika vitabu vya mwenye lori, kwa hiyo lori linaonekana rahisi. Reli inadaiwa ilipe njia yake yenyewe, madaraja yake yenyewe na ulinzi wake yenyewe, kwa hiyo inaonekana ghali. Hiyo si mizani ya haki. Nayo ni lumbesa, ila imevaa tai.

La pili: kama mzigo wetu ni mdogo, ni nani aliyeufanya uwe mdogo? Huwezi kumwondolea mtu behewa kwa miaka ishirini, kisha ukamlaumu kwamba hana mzigo kituoni. Njombe ya leo si Njombe ya mwaka 1976. Mbali na chai ya Lupembe na Luponde, na miwati ya Kibena, leo kuna mbao, nguzo, viazi, na parachichi zinazosafirishwa hadi ng'ambo. Parachichi haziwezi kungoja; zinataka makontena yenye ubaridi na ratiba ya kuaminika. Makambako ipo umbali wa kilometa zisizozidi sabini kutoka Njombe mjini. Mzigo upo. Kinachokosekana ni mahali pa kuupakia na mtu wa kuahidi kwamba treni itafika siku iliyosemwa.

FUNDISHO LA RELI YA KATI

Nchi yetu si ngeni wa mikataba mirefu ya reli. Mwaka 2007 Reli ya Kati ilikabidhiwa kwa kampuni mpya ambayo asilimia 51 ya hisa zake zilikuwa za RITES ya India na 49 za Serikali. Mkataba ulikuwa wa miaka 25. Kabla miaka mitano haijatimia ulikuwa umevunjika, na mwaka 2011 hisa zilirudi mikononi mwa Serikali. Katika kipindi hicho wafanyakazi waligoma, mizigo ilipungua, na wananchi wa bara waliendelea kungoja treni.

Hatusemi kwamba mkataba wa TAZARA utakwenda njia hiyo. Wahusika ni wengine na fedha ni nyingine. Tunasema kwamba fundisho lake linabaki: mkataba ambao wananchi hawakuujua walipouanza, hawawezi kuulinda unapoanza kuyumba. Wao wanapata habari siku ya mwisho, pamoja na hasara.

Na miaka 30 si muda mfupi. Mtoto anayebatizwa leo Makambako atakuwa mzazi kabla mkataba huo haujaisha. Je, ni nani kati yetu ameusoma? Ni diwani gani aliyeusomewa? Ni mkutano gani wa kijiji ulioelezwa stesheni yake imo au haimo? Katiba yetu, ibara ya 18, inatambua haki ya kila mtu kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu ya maisha yake na ya jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeonyesha njia ya kuomba. Kuuliza si uchochezi. Ni wajibu wa mwenye mali.

LAZARO MLANGONI

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya reli na fedha, Kanisa linatafuta nini humo? Tuwakumbushe mfano ambao Bwana wetu aliutoa juu ya tajiri na Lazaro. Tukiusoma vizuri, hatuoni mahali popote panaposemwa kwamba tajiri yule alimpiga Lazaro, au alimwibia, au alimfukuza. Lazaro alikaa mlangoni pake, na yeye aliingia na kutoka. Kosa lake lilikuwa kupita. Alipita kila siku mbele ya mtu mwenye njaa bila kusimama.

Treni inayopita mbele ya kijiji cha watu waliohamishwa kwa ajili yake, ikiwa imebeba mali ya mabilioni, isisimame hata siku moja katika juma, inarudia kosa hilohilo. Haimpigi mtu. Inampita. Na dhambi ya kupita ni nyepesi sana kuifanya, maana haina kelele na haiachi damu. Inaacha tu ratiba yenye nafasi tupu.

Shaba inayoshuka leo inatafutwa duniani kote kwa ajili ya nyaya na magari ya umeme. Tunaambiwa kwamba ni madini ya kesho. Vema. Lakini kesho ya dunia isijengwe kwa kuwarudisha watu wa Uchindile katika jana.

TUNADAI

Kwa hiyo, kwa heshima yote, tunayaweka mambo yafuatayo mbele ya Serikali, mbele ya Wabunge wetu, mbele ya Mamlaka ya TAZARA na mbele ya kampuni iliyokabidhiwa reli:

1. Sehemu za mkataba zinazohusu vituo, treni za wananchi, nauli na mizigo midogo zichapishwe kwa Kiswahili, zibandikwe katika kila stesheni na kila ofisi ya kijiji kandokando ya reli.

2. Pasifungwe kituo chochote kati ya Kidatu na Makambako bila wananchi wa hapo kuelezwa sababu na kusikilizwa katika mkutano mkuu wa kijiji.

3. Treni ya wenyeji iwe na siku zake za kila juma zinazojulikana, pamoja na behewa la mizigo midogo, na kampuni iwajibike inapozivunja siku hizo. Wakati wa ukarabati, njia inapofungwa, wananchi wasio na barabara waandaliwe usafiri mwingine.

4. Makambako ijengewe mahali panapofaa pa kupakia mazao na kupakua mbolea, na vyama vya ushirika vya Njombe, Wanging'ombe na Ludewa viweze kukodi behewa kwa bei iliyotangazwa hadharani, bila kupitia kwa dalali.

5. Wafanyakazi wa reli walipwe kwa wakati, madai yao ya zamani yamalizwe kwa haki, na vijana wa mikoa hii wafundishwe ufundi, wasiishie kubeba kokoto na kufyeka majani.

6. Yeyote ambaye shamba au nyumba yake itaguswa na kazi ya ukarabati alipwe fidia kamili kwa mujibu wa sheria kabla tingatinga halijafika. Na vivuko vya reli penye shule na masoko viwekewe ulinzi, kwa kuwa treni za kasi zitapita mahali ambapo watoto wamezoea kucheza.

7. Kila mwaka itolewe taarifa inayotaja si tani za shaba peke yake, bali pia tani za mazao ya wenyeji na idadi ya abiria waliobebwa. Kinachohesabiwa ndicho kinachokumbukwa.

NA SISI WENYEWE

Tungekuwa wanafiki kama tungemaliza kwa kuwanyoshea wengine kidole. Ni nani aliyeng'oa vyuma vya reli na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu? Si Wachina, wala si wakubwa wa Dar es Salaam. Ni ndugu zetu, na wengine wetu tuliwaona tukanyamaza. Ni nani aliyepanda bila tiketi akaona ni ujanja? Ni nani anayelima na kujenga mpaka juu ya tuta? Chuma kimoja kinachoibwa usiku kinaweza kuangusha treni yenye watu mia. Anayedai haki ya mali yake sharti kwanza aitunze kama mali yake.

Pia tusiingoje treni tukiwa mmoja mmoja. Mkulima mmoja mwenye magunia matano hatajaza behewa, lakini wakulima arobaini wanaweza. Ushirika umetuumiza huko nyuma kwa wizi wa viongozi, na hatuwezi kumlaumu anayeuogopa. Lakini dawa ya ushirika mbovu ni ushirika unaosomewa mahesabu yake hadharani, si kila mtu kubaki peke yake mbele ya lori.

Wazee wetu waliojenga reli hii wanaendelea kutuaga mmoja baada ya mwingine. Walitoboa milima kwa baruti na sururu kati ya Mlimba na Makambako wakiamini kwamba wanajenga kitu cha watoto wao. Wasituulize siku moja kwa nini tuliwaacha watoto hao wamesimama kandokando ya tuta, na mizigo yao kichwani, wakiyatazama mabehewa yakipita.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji au mtaa wetu, nani hutegemea treni zaidi kuliko wengine? Isipokuja, anafanyaje?

2. Tumewahi kumwomba diwani au Mbunge wetu atueleze kilichomo katika mkataba wa reli? Nani kati yetu atakwenda kuuliza, na lini?

3. Sisi wenyewe tumeitunza reli kwa namna gani, na tumeihujumu kwa namna gani?

4. Mazao gani ya jumuiya yetu yangeweza kujaza behewa moja kwa mwezi kama tungeyakusanya pamoja?